Kabati la Msaji la Bi Mwantumu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi nataka mniamulie.

Kule Muheza aliishi Bi Mwantumu, mpika vitumbua, mjane wa fundi seremala. Alikuwa na watoto watatu. Mwanjaa, binti yake, aliijua miti ingali imesimama. Mhando alizijua mbao. Akiigonga moja kwa kidole, anakwambia imekauka au bado. Na Mbelwa, kitinda mimba, alijua kuunga, mpaka wembe haupenyi kwenye maungio yake.

Siku moja kabati la jikoni, la maranda yaliyogandishwa kwa gundi, lililokwisha kuvimba kwa mvuke, lilibanduka ukutani likamkosa mama kwa shubiri moja. Sahani zake za arusi zote zikavunjika.

"Wanangu," akasema, "safari hii nataka kabati litakalonizika mimi, si mimi nilizike."

Akaja mchuuzi na mbao za mvule uliokatwa chemchemini. Mwanjaa akamrudisha. "Mama, miti ile ndiyo inayotutunzia maji ya kunywa." Akaenda kwenye misaji aliyoipanda mpakani mwa shamba akiwa msichana, akachagua miwili iliyokomaa, kwani msaji mchwa hawauwezi. Na kwa kila mmoja uliokatwa, akapanda mitatu.

Mhando akazipanga mbao kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite. Mwezi wa tatu mama akaja juu: "Mbao hizi unazilea?"

"Nazilea, mama. Zikiungwa mbichi zitapinda." Ukapita mwaka mzima ndipo akazitoa.

Mbelwa akaunga ulimi kwa tundu, ncha ya ubao huu ndani ya tundu la ule, bila msumari hata mmoja. Akaliinua kabati juu ya miguu mirefu, akalipaka mafuta mara nne.

Masika yaliyofuata mto ukafurika. Maji yakaingia jikoni, yakafika magotini, yakakaa siku mbili. Yalipotoka, makabati ya majirani yalikuwa uji mtupu. Bi Mwantumu akaushika mlango wa kabati lake, akauvuta. Ukafunguka kwa kidole kimoja.

Mtaa mzima ukaja kutazama. "Nani kafanya kazi hii?"

"Wanangu!" akajibu, kifua mbele.

Kisha akawaita watatu hao, akafungua khanga iliyoviringishiwa randa ya marehemu mumewe. "Baba yenu aliusia: apewe mmoja tu, yule ambaye kazi yake itaifanya nyumba hii isifiwe."

"Bila miti yangu, mchwa wangekwisha kulila kabati," akasema Mwanjaa.

"Bila subira yangu, milango isingefungika," akasema Mhando.

Mbelwa akaitazama randa, machozi yakimlengalenga. "Mbao nzuri zisipoungwa, mama, ni kuni nzuri tu."

Bi Mwantumu akawaangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyesema uongo. Alijisikia tajiri kuliko mama yeyote wa Muheza, na mikono yake ikashindwa kunyooka.

Haya, nyie mliosikia: randa haikatwi vipande, na wasia hauvunjwi. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?