Maji ya Kilima cha Bi Namkunda

Palikuwa na kilima kimoja chenye baridi, na juu yake akikaa ajuza wa jino moja, Bi Namkunda. Siku moja Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipanda huko na mke wa Gavana.

"Gavana anataka nyumba ya kupumzikia hapa. Kesho utahama."

"Afadhali, bwana! Maji ya huku yamenikunja kama kiazi kilichosahauliwa jikoni."

"Huo ni uzee tu, bibi."

"Uzee gani, na mama yangu yule pale bado anabeba kuni? Mama, hebu njoo!"

Akaja Mboni, msichana wa bondeni, shingo imesimama, meno yote kinywani.

"Huyu ni nani wako?" mke wa Gavana alimwuliza.

"Mwanangu," alijibu Mboni bila kucheka. "Nilimkataza kukaa huku, hasikii."

Mke wa Gavana alijishika mashavu. Nyumba ikajengwa bondeni, kwenye mbu.

Mboni alikuwa mjukuu wa Bi Namkunda, aliyerithi jina la mama mzazi wa bibi huyo. Na kwao mtoto wa namna hiyo huitwa mama tangu ananyonya. Bi Namkunda akajitazama kwenye ndoo ya maji. Uso ule uliokuwa ukifukuza wachumba, leo ulikuwa umefukuza Gavana.