Bi Pimbi Aliyeshindwa, Akabaki na Nchi Mbovu

—Naleta ngano!
—Ilete!
—Ni ya uongo!
—Ndiyo tuitakayo!
—Anayesinzia nimfanyeje?
—Mpige kikumbo aamke!

Haya. Zamani hizo, kabla sijazaliwa mimi wala aliyenizaa, palikuwa na nchi ya joto. Joto hasa, lile la kumfanya mtu akiache kitanda alale sakafuni. Kwenye majabali ya nchi ile alikaa Bi Pimbi na wanawe. Pimbi mnamjua? Kale kanyama ka kahawia, mkia hakana, meno mawili mbele, kanaonekana kanacheka hata kakiwa na msiba. Jina lake Bi Kidawa. Ukimweka kwenye ungo, nafasi ya kupepetea mchele inabaki.

Chini ya majabali palikuwa na pango, na ndani ya pango chemchemi. Kiangazi kikikaza, wanyama wadogo wote walikunywa pale: nguchiro, kanga, kobe, chura, na Bi Kidawa na wanawe. Wakubwa walikwenda mtoni. Lakini mtoni kuna mamba, na mamba hamwulizi mtu kama ana watoto nyumbani.

Siku moja akaja Dubu Mweupe. Msiniulize alifikaje! Wengine husema alilala juu ya pande la barafu huko kwao, kwenye kisiwa cha baridi, bahari ikambeba, alipoamka barafu imeyeyuka na yeye yuko pwani kwetu anatema maji ya chumvi. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba alikuwa mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili, ana njaa, na joto limemtoa ulimi nje. Akanusa, fff, fff, akasikia ubaridi wa pango. Akaingia kinyumenyume. Puu! Akakaa juu ya chemchemi. Pango lote likajaa Dubu, mlangoni ikabaki pua.

"Anayetaka maji alete samaki," ikasema pua.

Nguchiro akaleta samaki, akapewa funda moja. Chura akaleta samaki, akapewa funda moja. Kobe alipofika na wake, samaki ameshaoza njiani, akafukuzwa. Na Bi Kidawa je? Pimbi havui. Pimbi anakula majani. Atampata wapi samaki, jamani?

Tena huyo Dubu akishiba hanyamazi. Kutwa anapiga kelele mle pangoni: "Nchi gani hii? Joto, mavumbi, nzi! Kwetu ndiko! Kwetu ndiko!"

Basi asubuhi moja kitinda mimba wa Bi Kidawa akalia. Akalia, akalia, mama yake akamfuta shavu, shavu kavu. Mtoto hana hata machozi ya kulilia. Bi Kidawa akaogopa vibaya sana. Akamlaza kivulini akasema, "Leo ama zangu ama zake." Akakaa juu ya jabali akiisikiliza ile pua inavyojisifu, na kadiri alivyoisikiliza ndivyo alivyopata la kufanya.

Kwanza akaenda kwa Tembo. Bi Kidawa alikuwa na maneno yake, kila siku anawaambia watu kuwa Tembo ni mjomba wake, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Tembo mwenyewe hakuwahi kukubali wala kukataa. Ila Tembo alikuwa na tabia moja: mtu akiapa mbele yake kisha akavunja kiapo, humkalia. Alishamkalia Nyati mmoja. Nyati yule mpaka leo ni mkeka.

"Mjomba," akasema Bi Kidawa, "njoo uwe mwamuzi. Usiseme kitu mpaka mwisho, hoja ikishinda we piga mguu tu."

Tembo akaja. Bi Kidawa akasimama mbele ya pango.

"Hodi, Bwana Dubu."

"Samaki yuko wapi?"

"Samaki sina. Nina neno."

"Neno haliliwi."

"Hili linaliwa, baba. Nasikia unasema kwenu ni kuzuri kuliko kwetu. Basi tushindane mbele ya watu, wewe useme ya kwenu, mimi niseme ya kwetu. Atakayeshinda aichukue nchi iliyo nzuri, yote, maji yake na samaki wake, asigawane na mtu. Atakayeshindwa abaki na ile mbovu."

Dubu aliposikia "yote" masikio yakasimama. Aliposikia "asigawane na mtu" mate yakamdondoka. Hakungoja kusikia zaidi.

"Naapa!" akasema. "Na wewe uape, kijipanya!"

Wakaapa mbele ya Tembo. Wanyama wote wakakusanyika, na Kasuku akaruka juu ya mti akaanza kuimba kabla hata ya shindano, kwa sababu Kasuku aliipenda nchi yake kwa makelele. "Mwambie, Bi Kidawa! Mwonyeshe huyo mgeni!"

Bi Kidawa akakohoa kidogo. Akaanza.

"Kwetu," akasema, "kuna mbu."

Kasuku akapepesa macho.

"Kwetu hakuna mbu!" Dubu akanguruma. "Hata mmoja! Kwetu ndiko!"

Tembo akapiga mguu. Ndi! Hoja ya Dubu.

"Kwetu," akasema Bi Kidawa, "mvua ikinyesha matope mpaka magotini, isiponyesha vumbi mpaka kooni."

"Kwetu hakuna tope wala vumbi! Chini peupe, juu peupe, mbele peupe! Kwetu ndiko!"

Ndi! Hoja ya Dubu.

"Kwetu ukiacha nyama asubuhi, jioni inatembea yenyewe kwa funza."

"Kwetu nyama haiozi! Babu yangu aliacha nyama, nimeikuta, nimeila! Kwetu ndiko!"

Ndi!

Wanyama wakaanza kuguna. Mmm! Mmm! Nguchiro akamtazama Kobe, Kobe akaingiza kichwa ndani kwa aibu. "Huyu mama vipi?" Kanga akanong'ona. "Kapewa samaki nini?" Na Kasuku, ah, Kasuku alikuwa ameshafura.

"Msaliti!" akapiga yowe. "Na maembe je? Mbona husemi maembe? Na jirani anayekuletea moto ukizimikiwa?"

Loo! Bi Kidawa aliumia kuitwa msaliti mbele ya wanawe, tena na mtu aliyemfahamu toka utoto. Alitamani kumjibu. Lakini Dubu alikuwa ameshageuza pua, anasikiliza hayo ya maembe. Akiyapenda je? Akisema, kweli, hapa ni pazuri, mimi nabaki? Watoto watakufa na kiu.

"Kasuku anasema kweli," akajibu haraka. "Maembe tunayo. Msimu wake ukifika yanatuangukia vichwani, po, po, po. Shangazi yangu lilimpiga moja, mpaka leo ananiita kwa jina la mume wake. Na majirani tunao pia. Weka chungu motoni tu, unawaona hao, hodi hodi, karibuni, wanakaa. Utakula peke yako lini?"

"Ala!" Dubu akashtuka. "Wanakula chakula chako?"

"Na wanakomba sufuria."

"Kwetu jirani yangu yuko mbali, kutembea mpaka miguu ife ganzi! Na nikifika hanifungulii! Nakula peke yangu, nalala peke yangu, nikiugua naugua peke yangu! Mama yangu alipofariki nilikuja kujua theluji ilipoyeyuka. Hakuna kelele za msiba, hakuna kupikia watu! Kwetu ndiko!"

Tembo alikawia kidogo kupiga mguu. Kanga akajifuta jicho. Bi Kidawa mwenyewe alimwonea huruma, kusema kweli, maana sauti ya Dubu ilikuwa imepungua pale kwenye mama. Lakini akakumbuka lile shavu kavu.

Ndi! Hoja ya Dubu.

"Kwetu," akaendelea, "jua linatoka kila siku. Kila siku! Hata likuunguze jana, leo hilo hapo."

"Kwetu jua lina heshima! Likizama linakaa huko huko, mpaka umelisahau. Kwetu ndiko!"

Ndi!

Sasa Chura, ambaye hana akili nyingi, akainua mkono. "Na baridi je, Bwana Dubu? Baridi ya huko ikoje?"

Dubu akafungua kinywa. Akakifunga. Jicho moja likaanza kuchezacheza, maana alizikumbuka zile asubuhi za kwao, tumbo tupu, upepo vuuu, vuuu, kope zimegandana. "Baridi," akasema polepole, "baridi ya kwetu, kwa kweli, ile..."

Neno moja tu limwambie Dubu afikiri, na kazi yote imeharibika. Bi Kidawa akawageukia wanyama akiweka kiganja mdomoni, ila akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni.

"Msimwulize hayo, jamani! Mtamwaibisha mgeni. Kumbe kwao ni kubaya, maskini. Kumbe alikimbia njaa. Mpeni ukoko ale."

"NANI KAKIMBIA?" Dubu akanguruma mpaka mawe yakaporomoka. Gogogogo! "Ukoko mpe mama yako! Baridi ya kwetu ni tamu! Inakukaza ngozi, inakusafisha kichwa! Baridi ya kwetu siibadilishi na kitu! Kwetu ndiko, kwetu ndiko, kwetu ndiko!"

Ndi! Ndi! Ndi!

Bi Kidawa akakaa chini, akajishika kichwa. "Nimeshindwa," akalia. "Mjomba, nimeshindwa kabisa. Sina hata hoja moja."

"Ameshinda Dubu," akasema Tembo.

Dubu akatoka pangoni kwa furaha. Alivyotoka, mlango ulisema pop! Akasimama kwa miguu miwili, akajipiga kifua. "Nipeni changu! Nipeni nchi!"

"Mliapa mshindi aichukue iliyo nzuri," akasema Tembo. "Iliyo nzuri ni ipi?"

"Si ni kwetu!"

"Unaapa?"

"Mara ngapi nimesema? Kwetu ndiko!"

"Basi ichukue," akasema Tembo.

Dubu akabaki amesimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama pango, na mle mlangoni Bi Kidawa ameshapitisha wanawe wote, wamejipanga kwenye chemchemi wanakunywa, gu gu gu, na kitinda mimba amezamisha uso mpaka masikioni.

"Ngojeni kwanza," akasema Dubu. "Kuna kitu hapa. Kwa kweli kwetu pia kuna, kuna siku ambazo..."

Tembo akageuka taratibu, akampa mgongo. Akaanza kuinama, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kukaa.

"Naenda!" akasema Dubu. "Naenda, naenda!"

Wakamsindikiza mpaka pwani kwa ngoma na vigelegele. Wakampa gogo kubwa la kupandia na samaki waliokaushwa, maana mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni wa aina ile. Kila alipotaka kugeuka kusema neno, watu wakapiga kelele kwa furaha, "Kwenu ndiko! Kwenu ndiko!" na yeye, kwa ile sifa yake, akapunga mkono. Wakalisukuma gogo. Chubwi! Akaenda.

Baadaye Kasuku akaja kwenye jabali la Bi Kidawa, amenywea.

"Dada, unisamehe lile neno. Nilidhani unasema kweli."

"Nilisema kweli," akasema Bi Kidawa. Mbu akamtua shingoni, akajipiga kofi, pa! "Uongo wangu uko wapi? Mbu hawapo? Vumbi halipo? Wewe hapo umekuja bila hodi nimeweka chungu motoni."

"Kwa hiyo nchi yetu ni mbovu?"

"Mbovu sana," akasema Bi Kidawa, akamsogezea sahani. "Kula upesi, majirani wengine hao wanakuja."

Basi ngano imetua, mzigo nimeushusha.

Na fundisho lake mmelisikia, msijifanye hamkusikia. La kwanza: ni aibu kubwa kuisema vibaya nchi yako mbele ya mgeni, msifanye hata siku moja. La pili: mtu ajisifu, tena ajisifu sana, asimwachie mtu neno. Kujisifu kunamfikisha mtu mbali. Mtazameni Dubu. Kafika mbali hasa, wala hajaonekana tena.

—Nani ana kiu?
—Sisi!
—Maji yapo, nendeni mkanywe!