Kondoo na Unga wa Kuyeyusha Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na mwenye mtoto mgongoni akae hapa karibu nami.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipikiana uji kama sisi, kulikuwa na siku moja. Siku hiyo walikuwepo hawa. Alikuwepo Kondoo, mwenye mkia mnene. Alikuwepo mwanawe Kidoti, mwenye umri wa siku kumi. Alikuwepo Mbuzi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwepo Punda. Alikuwepo Bata. Na mlangoni alikuwa akipita Nguchiro, mwembamba kama kamba, mkoba begani. Hao tu, hakuna mwingine.

Sasa sikieni. Mzazi wa huko alikaa ndani siku arobaini. Majirani walimpikia uji wa pilipili manga, mzito, wa moto, wa kuleta maziwa. Leo Mbuzi, kesho Punda, keshokutwa Bata. Bakuli linafunikwa kawa, hodi inabishwa polepole ili mtoto asishtuke. Ikifika arobaini, mzazi anatoka nje, ngoma inapigwa, kila mtu anamtazama.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bata. Akaja, kwata, kwata, kwata.

"Hodi mzazi! Ee shoga, mkia huo! Siku ya arobaini utafagia uwanja bila ufagio!"

Wakacheka wote. Kondoo naye akacheka. Lakini moyoni, chwi! Kama mwiba.

Majirani walipoondoka, Nguchiro akarudi mbio, pita pita pita, akaingia.

"Dada Kondoo, nimesikia walivyokucheka. Mimi nina unga wa kuyeyusha mafuta. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Imba na mimi!"

*Yeyuka, yeyuka, mafuta yeyuka!*
*Leo mkia, kesho uzi!*

"Ndani yake mna nini?" akauliza Kondoo.

"Siri ya dawa, dada. Nitazame mimi! Nilikuwa kama kiboko!"

Uongo! Nguchiro alizaliwa mwembamba. Mama yake mwembamba, bibi yake mwembamba. Lakini Kondoo hakukumbuka hilo. Aliukumbuka uwanja tu, na macho ya watu.

"Nikulipe nini?"

"Mimi? Sitaki kitu! Ila uji wa mzazi unaharibu dawa. Wakikuletea, usiuguse. Nitakuja mimi nikautupe mbali."

Kondoo akakubali. Asubuhi kijiko. Jioni kijiko. Tumbo, guru guru guru! Akakimbilia nje mara tatu, mara nne, mara saba. Asubuhi akageuka, akautazama mkia. Lo! Umepungua kidogo!

"Umeyeyuka!" akaruka Kondoo. "Umeyeyuka kweli!"

Akanywa maji kwa kiu kali. Mchana akautazama tena. Mkia ule ule. Kilichotoka kilikuwa maji, ndugu zangu. Mafuta yalikaa pale pale yakimtazama.

Nguchiro akasema, "Umepima kidogo! Ongeza kijiko!"

*Yeyuka, yeyuka, mafuta yeyuka!*
*Leo mkia, kesho uzi!*

Akaongeza. Moyo ukaanza, du-du-du-du-du! Miguu ikatetemeka. Usingizi haukuja. Na kila siku majirani walileta uji, na kila siku bakuli lilirudi tupu, limelambwa likang'aa.

"Jamani, mzazi wetu anakula!" akafurahi Punda. Akaanza kumwongezea kipande cha siagi, yeye mwenyewe akinywa wake bila siagi.

Siku ya ishirini tangu azaliwe, Kidoti akashika ziwa. Nyu, nyu, nyu. Hakuna. Akashika la pili. Nyu, nyu. Hakuna. Akalia, mee! Kesho yake akalia kidogo. Keshokutwa yake hakulia kabisa. Alilala tu, masikio ya baridi.

Kondoo akasimama amwite Mbuzi. Moyo, du-du-du-du! Macho, giza. Puu! Akaanguka mlangoni.

Mbuzi alisikia kile kishindo. Akaja mbio. Hakuuliza, "Umefanya nini?" Alimwinua Kidoti kwanza, akamweka kwenye ziwa lake mwenyewe. Mbuzi alikuwa na mapacha wake nyumbani, na maziwa yenyewe yalikuwa ya kugawana. Kidoti akanyonya. Nyu. Nyu. Nyu nyu nyu! Masikio yakapata joto.

Punda na Bata nao wakafika. Punda akamlaza Kondoo kivulini. Bata akampepea kwa bawa.

"Uji wote ule anaokula," akasema Punda, "mbona amebaki mifupa na mkia?"

Pita... pita... pita. Nani huyo? Nguchiro! Amekuja kuchukua uji wake. Hapiti tena mlangoni kama kamba. Anapita kwa ubavu. Tumbo mbele, mashavu yanang'aa, na sharubuni siagi!

"Mama yangu!" akapiga kelele Bata. "Kumbe mwenye kulamba bakuli ni wewe!"

Kondoo akafumbua macho. Akalia, akasema yote, neno kwa neno.

Mbuzi akamvua Nguchiro mkoba wa unga begani. "Nguchiro, kaka yangu, umenenepa."

"Kidogo tu, dada Mbuzi."

"Basi dawa hii hapa. Kunywa vijiko viwili, uyeyuke."

Nguchiro akarudi nyuma. "Mimi? Aa, mimi siwezi. Nikinywa, moyo wangu unakwenda mbio."

Wote wakamgeukia!

"Na moyo wa mama anayenyonyesha," akasema Punda, "wenyewe ni wa jiwe?"

Nguchiro akatimka! Punda nyuma, Bata nyuma, kwata kwata kwata! Akalifikia shimo lake, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo, papo! Limenasa! Punda akamsaidia kwa teke moja tu, pa! Akatokea upande wa pili, akakimbilia nchi nyingine na hakurudi.

Unga ule waliufukia mbali na kisima.

Bata akarudi, akainamisha shingo. "Shoga, mdomo wangu ndio uliokuuma. Nisamehe."

"Huo mkia," akasema Mbuzi akimlisha Kondoo uji kwa kijiko, "mwaka wa ukame sisi sote tulikonda. Wewe uliishi kwa mkia huo. Ni ghala lako. Ghala halichomwi kwa ajili ya ngoma."

Kondoo akanywa uji. Bakuli la kwanza, bakuli la pili. Moyo ukatulia, du... du... du. Baada ya siku nne maziwa yakarudi. Kidoti akanyonya mpaka povu likamjaa puani, akapiga chafya, chya! Majirani wakashangilia kama wameona mvua.

Arobaini ilipofika, Kondoo alitoka na mkia wake mzima, akacheza. Aliyepiga vigelegele kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bata.

Wanangu, na nyinyi mama zao, funzo ni hili. Unga wa kuyeyusha mafuta hauyeyushi mafuta, unayeyusha afya. Asiyeweza kunywa dawa yake mwenyewe, usiipokee mkononi mwake. Na mzazi hasinyai ili apendeze. Mzazi anakula.

Hadithi yangu nimeitua hapo, mwenye masikio aibebe.

Ngojeni, limebaki moja: Kidoti alipoacha ziwa, Kondoo alianza kwenda na Punda kisima cha mbali kila asubuhi, na mwili wake ukawa mwepesi polepole.