Barafu ya Kioo cha Nyuma

Moto wa mbele hauyeyushi barafu ya nyuma. Jana mlimsikia Mzee Fungo akimwambia bwana harusi maneno hayo, mkacheka, kisha njiani mkawa mnaulizana: moto gani, na barafu gani? Si methali ya kale, wanangu. Mababu hawakuijua. Ilizaliwa hapahapa Ilungula, kwenye gari, na ilikuwa hivi.

Palikuwa na mwalimu, Sekela Mbilinyi, mkuu wa shule ya msingi iliyo kule bondeni, mwendo wa saa nzima kwa gari. Aliishi huku mlimani na mama yake, Bi Tupokigwe. Bibi huyo umri ulikuwa umeanza kumwondolea kumbukumbu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanua nguo kambani bila haraka. Jina la binti yake lilikuwa bado lipo. Mengine yalikuja na kuondoka.

Julai yetu mnaijua. Kukicha majani ni meupe, ukungu umelala uani, na sauti ya jogoo inakufikia kana kwamba imetoka kijiji kingine. Gari la Mwalimu lilikuwa la mtumba kutoka Japani, limekuja na rimoti ya kuliwasha kwa mbali. Jioni alikuwa akielekeza hita kwenye kioo cha mbele. Alfajiri anatoa mkono nje ya blanketi, anabonyeza, na huko nje gari linaanza kunguruma peke yake, halina mtu ndani. Akimaliza chai aliyoihifadhi kwenye chupa tangu jana, barafu ya kioo cha mbele imeshayeyuka.

Cha nyuma kilibaki cheupe. Kilikuwa na joto lake, zile nyaya nyembamba zilizopita kwenye kioo kama mistari ya daftari, lakini hizo zilitaka mtu aingie ndani, abonyeze kitufe, kisha angoje. Mwalimu hakuwa na muda wa kungoja. Watoto mia nne walikuwa wakimtazamia. Alikuwa akirudi kinyumenyume kwa mazoea mpaka barabarani, halafu anashika njia.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito hata ngazi ya mlangoni haikuonekana. Mwalimu aliingia garini, akatia gia ya kurudi nyuma, akatazama kwenye kioo kidogo cha juu. Weupe mtupu. Gari likaanza kusogea polepole, na yeye bado ana usingizi, akaona kama anaelea. Ndipo katikati ya weupe ule kilipotokea kiganja. Kwanza vidole vitano, halafu kitanga chote, kikiyeyusha barafu kutoka upande wa nje. Kwa pumzi moja alidhani anaota. Katika uwazi wa kile kiganja akaona jicho.

Alikanyaga breki mpaka mguu ukamuuma.

Bi Tupokigwe alikuwa amesimama nyuma ya gari, peku, khanga moja mabegani. Bampa lilikuwa limeshamgusa magoti. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kioo, na alikuwa akilisemesha gari kwa upole.

"Taratibu, taratibu. Usinikanyage."

"Mama! Unafanya nini hapa?"

Mama aligeuka akatabasamu. "Sekela, ng'ombe wetu leo ana pumzi ya moto. Njoo uote nawe." Akainama, akarudisha mikono kwenye moshi wa ekzosi.

Mwalimu alikaa chini kwenye majani yenye barafu, akamkumbatia mama yake miguu. Shule siku ile ilifunguliwa na mwalimu wa zamu. Yeye alimvisha mama sweta na soksi, akamketisha kiti cha mbele, akaenda naye moja kwa moja kwa Lutengano Sanga, fundi umeme wa magari pale njia panda.

"Kamwene, Mwalimu," alimsalimu Lutengano. "Leo mapema hivi?"

Alimweleza yote. Kisha akauliza, "Fundi, nikiongeza hita, nikaliacha lingurume nusu saa, joto halitafika nyuma?"

"Halifiki. Moto wa mbele hauyeyushi barafu ya nyuma, Mwalimu. Kile kioo kina waya wake, na rimoti haijui kama upo. Inawasha injini, basi."

"Unaweza kuijulisha?"

"Naweza."

Akafungua chini ya usukani. Waya wa rimoti ni mwembamba, alisema, unaweza kutoa ishara tu, hauwezi kubeba umeme wa kioo kizima. Kwa hiyo akafunga rilei katikati, ile swichi ndogo inayopokea ishara na kuachia umeme mkubwa, akaiwekea fyuzi yake, ili kila rimoti itakapowasha injini, kioo cha nyuma nacho kipate joto. Kisha akachota maji baridi ya pipa, akakimwagia kioo kile mpaka kikafunikwa na ukungu mzito.

Mwalimu alibonyeza rimoti. Walingoja. Mstari mmoja ukaonekana kwenye ukungu, ukafuata wa pili, wa tatu, hadi mlima ulio upande wa pili ukaonekana kupitia kioo.

Lutengano alifuta mikono. "Sasa utamwona akisimama pale. Lakini kioo hakitamzuia kusimama. Mwalimu, usinichukulie vibaya: bibi anakwenda kufuata nini pale?"

"Anaota moto."

"Nyumbani asubuhi hamna moto?"

Mwalimu aligeuka. Alimtazama mama yake ndani ya gari, ameegemea kiti, amelala mdomo wazi katika joto kama mtoto. Akahesabu moyoni asubuhi za Julai ile, na ile ya mwaka uliotangulia. Kila siku alikuwa amepasha gari joto kabla hajaamka, na jiko la mama yake lilikuwa limelala na majivu ya jana.

"Umesemaje pale mwanzo, fundi? Kuhusu moto."

Fundi akarudia, akidhani anaulizwa habari za waya.

Tangu hapo Mwalimu aliamka mapema zaidi. Kwanza aliwasha kuni jikoni, akamketisha mama karibu, akamshikisha kikombe cha uji kwa mikono miwili. Ndipo alipobonyeza rimoti. Siku nyingine alichelewa shule, na walimu wenzake walipouliza, aliwajibu kwa maneno ya fundi. Wao wakayapeleka majumbani kwao, na wengine wakayatumia kwa watu wasiojua kama yalitoka kwenye gari.

Bi Tupokigwe aliishi Julai tatu zaidi. Ile ya mwisho hata jina la Sekela lilikuwa limekwenda. Lakini kila alfajiri alimsogezea kigoda huyo mwanamke asiyemjua, akamwambia, "Karibu moto, mwanangu."

Basi bwana harusi aliambiwa hivyo kwa sababu anakwenda kujenga kwake, na wazazi wake wanabaki. Moto wa mbele hauyeyushi barafu ya nyuma.