Uzi wa Manjano Kwenye Kola

Anayewamba ngoma hukaa upande mmoja na kuivuta ngozi kuelekea aliko yeye. Hatumlaumu, kwa kuwa mikono ya binadamu haikuumbwa kuvutia kwa jirani. Wahenga walimtazama wakasema, mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii tunaikariri tangu shuleni, kisha siku ngoma inapowambwa mbele ya macho yetu tunakaa tukisifu ufundi. Ndivyo ilivyomkuta dobi mmoja wa jiji kubwa, mtu mwema kabisa, na kisa chake hunitia uchungu kila ninapokikumbuka.

Dobi huyo watu walimwita Nyoosha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja katikati ya jiji, baina ya kinyozi na muuza mabomba. Nyuma kulikuwa na ua mdogo wenye karo mbili za saruji na kamba sita za kuanikia. Kwa miaka ishirini na saba alifua, akatia wanga na kupiga pasi mle ndani. Kila nguo iliyoingia aliitia alama ndani ya kola kwa uzi mweusi, mishono miwili iliyokatana, ili isichanganyike na za watu. Kila dobi wa jiji lile alikuwa na alama yake, na Nyoosha alizijua zote.

Mkewe alifariki binti yao akiwa na miaka kumi. Wiki ileile Nyoosha alimkalisha mtoto juu ya meza ya pasi, akamwambia, "Duka hili ni lako, mwanangu. Mimi nakushikia tu." Binti akakua kati ya mvuke na harufu ya sabuni. Alipofika miaka ishirini na minne hakuna aliyefua dafu mbele yake kwa kunyoosha shati, hata baba yake, na baba mwenyewe alilitangaza hilo kwa kila mteja aliyekuwa tayari kusikiliza na kwa wengine wengi ambao hawakuwa tayari.

Nyoosha alikuwa na kasoro moja: aliwasoma watu kwa nguo zao. "Mdomo unadanganya," alipenda kusema, "lakini kola haidanganyi." Mara nyingi alipatia, na huo ndio ubaya wa kupatia mara nyingi.

Mwaka huo kampuni moja kubwa ya kufua nguo ilianza kueneza matawi jijini. Mabango yake ya manjano yalichomoza kila kona kama uyoga baada ya mvua. Asubuhi moja afisa wa kampuni aliingia dukani na mkoba, akamweleza Nyoosha kwamba wangependa duka lake liwe tawi lao. Angeliendesha yeye mwenyewe, ila kwa jina lao, na nguo zote zingepelekwa kufuliwa kiwandani kwao. Kazi yake ingekuwa kupokea na kurudisha.

Nyoosha alitazama mikono ya binti yake. Sabuni ilikuwa imeichana hadi kwenye viungo vya vidole, mikono ya mwanamke wa miaka hamsini. Moyo wake ukalainika.

"Ni mkataba mrefu kidogo," afisa alisema. "Ni vizuri uwe na wakili. Ukikosa, sisi tunaye mmoja. Mikataba ya namna hii ndiyo kazi yake ya kila siku, na hatakutoza hata senti."

Alipoondoka, akiuacha mkataba mezani, binti alisema, "Baba, tusiende kwa wakili wao. Twende kwa yule mama wa ghorofani."

Mama huyo alikuwa wakili aliyekodi chumba juu ya duka la mabomba, na joho lake la mahakamani lilifuliwa kwa Nyoosha. Walimkuta amezungukwa na majalada, miwani ameisukumia kwenye paji la uso huku akiitafuta mezani. Binti alimwonyesha ilipo. Mama akasoma kurasa mbili za mwanzo za mkataba polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mzee wangu, pango la duka linabaki kwa jina la nani?" aliuliza.

"Langu, bila shaka."

"Hapa sijaona hivyo. Na mkiachana na hawa watu, wewe na familia yako mnaruhusiwa kufanya kazi gani?"

"Kwa nini tuachane, mama, hata hatujaanza?"

"Ndoa na mikataba huulizwa talaka mapema." Mama alicheka peke yake. "Niachieni wiki mbili. Nataka kuisoma yote, kisha niwaandikie barua wabadilishe baadhi ya mambo. Wakikataa, msitie saini."

Kwenye ngazi Nyoosha alitikisa kichwa. "Umeliona joho lake? Nimelipiga pasi miaka minane. Pindo la mkono wa kulia limechanika tangu mwaka juzi, hajalishona. Mtu asiyeona tundu kwenye mkono wake mwenyewe ataliona kwenye karatasi ya watu?"

"Pengine macho yake yako kwenye karatasi za watu, baba."

"Wiki mbili, mwanangu. Wakienda kwa dobi wa barabara ya pili je?"

Basi akapiga moyo konde, akaenda kwa wakili wa kampuni. Binti alimfuata. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kumi na moja, sakafu inateleza, viti virefu vya ngozi vinavyommeza mtu. Wakili alisimama kuwapokea. Nyoosha hakumtazama usoni. Alitazama shati: jeupe, mabega yamekaa, kola imesimama bila mkunjo hata mmoja. Wakili alipoinama kumvutia mzee kiti, ncha ya kola ikainuka, na ndani yake Nyoosha akaona mshono mdogo wa uzi wa manjano. Aliijua alama ile. Ilikuwa ya kampuni.

Nikifika hapa hutamani kumshika mzee huyu bega. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya watu wengi, na yaliona kila kitu kilichopaswa kuonekana. Aligeuka akamnong'oneza binti kwa furaha, "Hata yeye anafua kwao. Mtu kama huyu angepeleka shati lake mahali pabovu?"

"Mzee Nyoosha," wakili alisema, "jiji zima linakufahamu. Kampuni haiokoti dobi njiani. Imekutafuta wewe."

Akavishwa kilemba cha ukoka na kikamkaa vizuri.

Binti aliuliza, "Samahani, wewe hapa unamsimamia nani?"

Wakili alitabasamu. "Mimi ni daraja tu, dada yangu. Watu wanapita pande zote mbili."

"Na daraja limejengwa na nani?"

"Mwanangu," Nyoosha alisema kwa aibu, "tusimkosee mheshimiwa adabu."

Wakili akamweleza mkataba kwa robo saa, akifunua kurasa tatu tatu. Hakusema uongo hata mara moja. Alisema yale yaliyokuwa matamu, akayaacha mengine yalale kwenye karatasi. Nyoosha akatia saini kwa mwandiko wake wa taratibu. 

Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya. Bango la manjano lilipanda juu ya mlango, karo zikakauka, mikono ya binti ikapona. Nyoosha alivaa fulana ya manjano iliyombana tumboni, akapokea nguo na kutoa risiti. Jioni alizifungua zile zilizorudi kutoka kiwandani, akaona kola zilizopigwa pasi kwa pupa, akazikunja tena. Aliruhusiwa kuona tu.

Kisha akaja bibi mmoja, mteja wa zamani, amekumbatia koti la kijivu. Lilikuwa la mumewe, aliyefariki mwezi uliopita.

"Nyoosha, hili usilipeleke kiwandani," alisema. "Lifue wewe. Taratibu. Mfukoni kuna harufu ya tumbaku yake, sijui kama utaweza kuiacha."

Nyoosha alimtazama binti, na binti akamtazama yeye. Kiwandani lingezungushwa na mashuka ya hoteli. Wakajaza maji karo moja ya uani, wakalifua kwa maji baridi sehemu zilizochafuka tu, mifuko hawakuigusa. Lile koti likaning'inia uani peke yake, na baba na binti wakasimama kulitazama wakiwa na furaha waliyokuwa wameisahau.

Siku iliyofuata mkaguzi wa kampuni alipita bila taarifa. Aliliona koti. Akauliza lina namba gani ya risiti, na Nyoosha, ambaye hakujua kudanganya kwa mdomo wala kwa kola, akasema halina.

Barua ilifika baada ya siku nne. Kufua nguo ya mteja nje ya kiwanda kulivunja mkataba. Tawi lingekabidhiwa mtu mwingine. Pango lilikuwa limehamishiwa jina la kampuni kwa saini yake mwenyewe, ukurasa wa kumi na tisa. Na ukurasa wa ishirini na mbili ulisema kwamba yeye na mtoto wake wasifanye kazi ya udobi mahali popote ndani ya jiji kwa miaka mitano.

Nyoosha alipanda ngazi za juu ya duka la mabomba, safari hii akiwa mzito kama gunia lililolowa. Mama wakili alisoma kurasa zote siku hiyohiyo. Alipomaliza alivua miwani.

"Nitawaandikia, mzee wangu, lakini sitakudanganya. Hapa wamefunga kila mlango."

"Yule wakili aliniibia."

"Hakukuibia. Alimfanyia kazi vizuri aliyemwajiri. Shida ni kwamba wewe hukuwa na wakili mle chumbani."

Nyoosha aliinamisha kichwa, na macho yake yakatua kwenye lile pindo lililochanika. Akaomba sindano. Mama alimpa ile ya kushonea majalada, na mzee akalishona joho palepale, machozi yakimdondoka juu ya kitambaa cheusi. Mama alijifanya anatafuta miwani.

Barua ya mama haikufua dafu. Mwezi huo binti akafunga begi. Kulikuwa na mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, ambako mkataba haukumfikia. Baba hakuweza kwenda naye. Magoti yalikuwa yameisha, na katika mji wa wageni angekuwa mdomo wa kulishwa tu. Walisimama mlangoni pa chumba chao.

"Nilikuambia ni lako," baba alisema. "Nilikushikia vibaya."

"Ulinitakia mema, baba."

"Najua. Na bado nimekufukuza mjini kwa saini yangu."

Binti alimshika baba mikono yote miwili, kisha akaenda.

Siku hizi Nyoosha huamka asubuhi na kuwasha pasi. Ana shati moja jeupe. Hulinyunyizia maji, hulinyoosha kola, mabega, mikono, hulitundika, na kesho hulikunja kwa makusudi ili apate la kunyoosha. Majirani waliwahi kumletea nguo zao, akawarudishia. Neno lake aliliandika mwenyewe, alisema, na hawezi kulifua.

Jumapili iliyopita simu iliita.

"Baba, nimepata chumba cha duka. Kidogo, lakini kina ua. Alama ni ileile, uzi mweusi."

Nyoosha alifunga macho. "Mkataba wa pango umeusoma?"

"Nimetafuta wakili ausome. Nimemtafuta mwenyewe."

"Muulize kwanza nguo zake anafua wapi."

Binti alicheka, na kicheko chake katikati kikageuka kilio. Mzee alishikilia simu hadi alipomsikia ametulia. Walipoagana alilitazama shati lililotundikwa ukutani, akaligeuza kola ndani nje, akapitisha kidole juu ya mishono miwili myeusi iliyokatana. Angewezaje kusema hakuona? Aliuona uzi ule wa manjano kwa macho yake mawili, akaufurahia, naye amebaki na shati moja na mtoto wa kusikia kwenye simu. Hakika, mwamba ngoma huvutia kwake.