Kitambaa cha Bi Tatu na Mwaka wa Kabula

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, shule ya sekondari Mwalugoye ilikuwa na kompyuta moja. Ndani yake mlikuwa na majina ya watahiniwa arobaini na mmoja wa kidato cha nne, na la saba lilikuwa la Kabula. Habari hii hunipandisha hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kompyuta ikaanza kuzimika. Unaandika, inazimika. Unaiwasha, unaandika, inazimika. Bi Tatu, karani, akaenda kwa Mwalimu Ng'wandu, mkuu wa shule.

"Mkuu, mashine inazimika."

"Ipige kofi, itawaka."

Akaipiga, ikawaka. Wiki ya pili akarudi. "Mkuu, inazimika, na inanuka kuungua."

"Si nimekwambia uipige kofi?"

Wiki ya tatu kofi halikusaidia tena: inawaka kidogo, inazimika. Siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa wa mtihani wa taifa, asubuhi, ndipo akaitwa fundi Elisante kutoka mjini. Elisante akafungua boksi, akaona feni ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, inazunguka, basi.

"Umeme uko sawa," akasema. "Hivi ni virusi. Nifute vyote niweke upya?"

Bi Tatu alijua kuwa majina hayajatumwa wala hayana nakala. Lakini mkuu alikuwa amekaa pale pale, na karani hamsahihishi mkuu wake mbele ya mgeni. Akanyamaza. Mkuu akasema, "Futa." Yakafutwa.

Elisante akapanda pikipiki akaenda zake. Bi Tatu akaanza kuandika upya, huku machozi yanamtoka. Alipofika jina la tatu, mashine ikazimika, na safari hii haikuwaka. Saa kumi jioni usajili ukafungwa, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani mwaka huo.

Kesho yake ndipo wakamkumbuka Mzee Lubango, fundi wa redio. Anakaa hatua mia mbili kutoka lango la shule! Hatua mia mbili, jamani, lakini nani angemwita mzee wa redio kwenye kompyuta?

Mzee akaitoa pawa saplai, akaunga waya wa kijani na mweusi ili iwake peke yake. Feni ikazunguka. Akapima waya wa njano, mita ikasema volti kumi na mbili, kama inavyotakiwa. Akaufunga na taa ya gari, akapima tena: nane.

"Punda huyu anasimama vizuri mpaka apakiwe," akasema. "Feni kuzunguka si ushahidi."

Akachomoa umeme, akangoja, akafungua kasha. Vikopo vidogo vya ndani, vile vinavyotuliza umeme, vilikuwa vimevimba vichwa, na tundu la hewa limezibwa na vumbi na nyuzi za rangi ya waridi. Kila mtu akageuka kukitazama kitambaa cha maua ya waridi kilicholala mezani, ambacho siku zote kilifunika kompyuta mbele na nyuma. Bi Tatu alikifuma kwa mkono wake.

Wazazi wakakutana, wakawaita karani, fundi Elisante na mkuu, wakasema mmoja lazima aondoke, asikanyage tena shuleni.

Bi Tatu akasema, "Nilifunika kwa mapenzi, barabara yetu ni vumbi tupu. Hakuna aliyeniambia mashine inapumua. Na nilisema inazimika, nikasema inanuka. Mlitaka nimbishie mkuu mbele ya watu?"

Elisante akasema, "Niliuliza kabla ya kufuta. Nikaambiwa futa. Mwenye mali akisema futa, mimi ni nani?"

Mwalimu Ng'wandu akasema, "Mimi ni mwalimu wa historia. Fundi ameniambia virusi, karani yupo hapo hasemi neno. Ningejuaje?"

Kila mmoja alisema kweli, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Uongo ungekuwa rahisi, ungeukamata tu ukaufukuza.

Wakati wanabishana, Kabula aliingia. Hakuwa na sare. Wenzake wangerudia mwakani, lakini mjomba wake alishamwambia kuwa hana mwaka mwingine wa kumsomesha, na kwamba Jumatatu ataanza kazi za ndani kwa watu. Akawaangalia wote watatu.

"Shikamooni," akasema. "Nimekuja kurudisha vitabu vya shule."

Akaviweka juu ya meza, juu ya kitambaa cha maua, akatoka.

Haya, ninyi mliokaa mnanisikiliza, msiniambie wote watatu, maana wazazi walitaka mmoja, na mwaka usiorudi ni mmoja. Aliyefunika akanyamaza, aliyetazama feni akafuta, au aliyesema kofi kisha akasema futa: je, nani aliula mwaka wa Kabula?