Kanga Aliyeshindwa Kufika Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Nimewasikia wa mbele tu. Na ninyi mnaosugua sufuria huko jikoni, hamna midomo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumetimia.

Hapo zamani za kale, wanyama wa mbugani walikuwa na baraza lao. Walikutana pale penye magadi, wanapolamba chumvi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyati. Kila walipotaka kukata shauri, Mzee Nyati aliitaja sheria: "Mwenye neno aseme. Asiyekuja amekubali."

Nao huitikia: "Amekubali."

Sheria nzuri sana hiyo. Nzuri kwa nani? Kwa waliofika, bila shaka.

Basi mwaka mmoja kiangazi kikawa kirefu. Nyasi zikazeeka, zikakauka, zikawa ngumu kama miiba. Ilikuwa desturi yao kuchoma nyasi kuukuu mvua zikikaribia, ili machipukizi yatoke. Kazi ya kuleta moto ilikuwa ya Nyani. Alikwenda kudokoa kijinga cha moto kwa wachungaji.

Mama Nyumbu akasimama barazani. "Maziwa yangu yanakauka," akasema. "Mwanangu ananyonya upepo. Tuchome kesho."

"Tuchome," wakasema wote.

"Mwenye neno aseme," akasema Mzee Nyati. "Asiyekuja..."

"Shikamoo, Mzee. Naomba ungoje kidogo."

Nani huyo? Digidigi. Msichana wa juzi tu, miguu kama njiti.

"Marahaba. Una neno?"

"Bi Kanga hayupo."

"Asiyekuja amekubali."

"Hajakubali, Mzee. Anaatamia. Mayai yake yako chini, katikati ya nyasi hizo mnazotaka kuchoma. Akiyaacha aje kusema, Kenge atayala. Akibaki nayo, ataungua nayo."

"Hapa hakuna kusemeana," akasema Mzee Nyati. "Kila mmoja na mdomo wake."

Nyani akachekelea. "Si aje nayo? Ayabane kwapani." Baraza zima likaangua kicheko, kwa kwa kwa.

Digidigi akatetemeka. Mlidhani ni woga? Ilikuwa hasira.

"Cheka, mjomba Nyani, ukimaliza unijibu. Ni sheria gani hii inayomwambia mama, waache wanao uje kuwatetea wanao? Mmemfungia mlango, kisha mnasema amekataa kuingia."

Nyani akajikuna mbavu.

Mama Nyumbu akauliza kwa upole, "Kwani watoto wake hawakimbii, mwanangu? Huyu wangu alizaliwa alfajiri. Jua halijapanda, akawa ananifuata mbio."

"Wa Bi Kanga hawana pa kukimbilia, mama. Wamo ndani ya ganda."

Mama Nyumbu akamtazama ndama wake. "Hilo sikulijua," akasema. "Miaka yote hii tunachoma. Kumbe tulikuwa tunamchoma nani?"

"Lakini sheria ni sheria," akaguna Mzee Nyati.

"Nimeisikia, Mzee. Ila kama yeye hawezi kuja, sisi miguu tunayo."

Mama Nyumbu akaondoka, ndama nyuma. Digidigi akafuata. Punda milia akafuata, na swala, na Nyani. Mwisho Mzee Nyati naye akajikokota. Mwenyekiti aliyebaki peke yake atamwongoza nani?

Du, du, du, ardhi ikatikisika. Bi Kanga akasikia kwato zinakuja. Akafumba macho, akatandaza mabawa juu ya mayai. Hakukimbia.

"Hodi," akasema Mama Nyumbu.

Bi Kanga akafumbua jicho moja. "Karibuni. Mniwie radhi, siwezi kuinuka."

"Kaa, mama. Tumekuja kusikia neno lako."

Sauti ya Bi Kanga ilikuwa ndogo. Mzee Nyati ilimbidi apige magoti, asogeze sikio mpaka chini.

"Moto siukatai," akasema Bi Kanga. "Nasikia mtoto wako anavyolia njaa, Mama Nyumbu. Nami ni mzazi, inaniuma. Naomba tu mningoje, hawa watoke."

Mama Nyumbu akashusha pumzi. "Nikikungoja, wangu atakufa. Nisipokungoja, watakufa wako."

Mama Nyumbu akainama. Akang'ata nyasi kando ya kiota, zile zile kavu zinazokata ulimi. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Unafanya nini?" akauliza Nyani.

"Nakula. Pasipo na nyasi moto haupiti."

Akatafuna. Ulimi ukatoka damu, akatafuna. Mzee Nyati naye akaanza. Kwaru, kwaru. Punda milia, swala, Digidigi, wote vichwa chini. Nyani akang'oa kwa mikono, bila mzaha safari hii. Wakala mpaka kiota kikazungukwa na udongo mtupu, duara pana.

Kesho yake moto ukawashwa. Ta-ta-ta-ta. Ukaja unanguruma. Ukafika penye udongo, ukatafuta, ukakosa, ukapita pembeni. Bi Kanga alikuwa katikati ya duara, kifua juu ya mayai. Na ubavuni pake, upande wa joto, alisimama Mama Nyumbu kumkinga, ndama kati ya miguu yake.

Mvua ikanyesha. Machipukizi yakatoka, maziwa yakarudi. Asubuhi moja vifaranga wakapasua ganda, piyo, piyo, wakapita chini ya tumbo la ndama. Ndama akaruka kwa hofu. Alikuwa hajaona kitu kidogo namna ile kikitembea.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Asiyefika kikaoni si kwamba hana neno. Huenda amefungwa na lile lile mnalotaka kuliamua. Mfuateni alipo, mumsikilize, ndipo mkate shauri.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliye na usingizi akalale, aliye na swali asogee karibu.